Linatetemeka Asubuhi Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba amenipa daftari. Si kwa mapenzi. Wiki iliyopita nilifunga injini ya teksi ya mtu na kitambaa kikabaki ndani, kikaungua, moshi ukatoka kama tanuri la matofali. Sasa ana sheria mpya: nikifungua kitu niandike, nikifunga niandike, na nilichotumia niandike. "Kichwa chako chungio," kasema. "Chai inapita, yanabaki majani." Nikamjibu kwamba bila majani hakuna chai. Akanirushia spana, ikanikosa kwa hatua mbili. Hata kulenga hajui, na ndiye mwenye gereji.

Mimi na shule tuliachana kidato cha pili. Nani alimwacha mwenzake, inategemea unamuuliza nani. Lakini kuandika najua, tena kuliko Msumari, fundi mwenzangu, ambaye ana miaka kumi na tano hapa na akitia saini tu jasho linamtoka. Kwa hiyo kama ni daftari, nitawajazia daftari mpaka wajute.

Leo nimepewa gari la kwanza la kufanya peke yangu mwanzo mpaka mwisho. La Shangazi, dada wa baba. Shangazi anaoka mikate nyumbani kwake, na gari lake ni la kubebea mikate: viti vya nyuma viling'olewa zamani, kumejaa trei. Alilalamika linakuwa zito kwenye mlima. Nikafungua bomba la hewa, nikamulika tochi kwenye throto, yaani lile koo ambalo injini inavutia pumzi.

Kinyaa. Lilikuwa limejaa utando mweusi unaonata, kama kohozi la mtu aliyevuta sigara miaka hamsini. Juu ya kichujio cha hewa nikakuta chenga za mkate na mavi ya panya. Shangazi ninayemjua akiona tone la maji mezani halali, na chini ya boneti anafuga panya na kuwapa kifungua kinywa.

Nikang'oa throto lote nikalipeleka kwenye beseni. Beseni letu lina historia yake. Petroli iliyomo ilitiwa kabla sijaota ndevu, haibadilishwi, huongezwa tu. Mende waliofia mle wamekuwa ukoo. Watu wazima wanachovya kitu kwenye uchafu ule, wanakitoa, wanasema kimetakata. Mimi nilirudia kuosha kwa petroli safi na mswaki wa Msumari. Hajui. Throto likang'aa mpaka nikajiona, na nilivyojiona, ni kijana mzuri tu.

Nilivyofungua: boliti nne za throto, bomba la hewa, mipira miwili. Nilivyofunga: hivyo hivyo. Gasketi ya throto, ile karatasi ngumu ya kuziba hewa pale throto linapoungana na injini, ilichanika wakati wa kung'oa. Nimekata nyingine kwa mfuniko wa boksi la viatu. Msumari hukata hivyo kila siku, ila yake hukaa kama sikio lililong'atwa na mbwa. Yangu imekaa kama imezaliwa pale. Shangazi ameendesha, kacheka, kasema gari limekuwa jepesi. Ya ndani hana haja ya kuyajua.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Oili tatu, breki moja. Msumari anapiga mswaki huku akinung'unika kwamba dawa ya meno siku hizi ina ladha ya petroli. Sina cha kuongeza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Tope mpaka mlangoni. Chumba changu cha nyuma ya gereji kimeota ukungu ukutani, wa kijani, una manyoya. Nikiamka naukuta umesogea.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi kaja saa tano asubuhi, aproni bado kiunoni, unga kwenye nyusi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Linatetemeka."

"Nini kinatetemeka?"

"Gari, mwanangu. Nikiliwasha alfajiri linatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikisimama njia panda nikaachia mafuta, linazima. Leo limezima mara nne."

Nikaliwasha mbele yake. Likanguruma laini, kama paka aliyeshiba. Nikaweka glasi ya maji juu ya injini, maji yakatulia. Msumari akaja, akainamisha kichwa, akasikiliza, akatema mate karibu na kiatu changu (anatema kila anapofikiri, ndiyo maana namshukuru Mungu hafikiri sana).

"Huu ni ugonjwa wa mguu," akasema.

"Mguu gani?" Shangazi kauliza.

"Wa dereva, mama. Unaukanyaga vibaya asubuhi. Usingizi."

Shangazi alimtazama kama anavyotazama mkate ulioungua. Akanigeukia mimi, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Muhula huu amepewa zabuni ya kupeleka mikate shule ya bweni, trei kumi na mbili kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Miaka sita ameiomba. Mtunza stoo wa shule alimwambia wazi: ukichelewa mara tatu, mikate wanachukua kiwandani. "Yule bwana ana saa mkononi na nyingine ukutani," kasema Shangazi. "Leo nimechelewa dakika ishirini. Kaandika moja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimetoa plagi zote nne, zimejaa masizi, nimezisugua. Kucha zangu sasa hazina tofauti na za mchimba makaa. Nimerudisha. Limenguruma vilevile, zuri.

"Jirani yangu muuza mbao," akasema Shangazi, "ameniambia nichukue pikapu yake asubuhi mpaka hili lipone. Yeye huanza kazi saa mbili. Nichukue, au limepona? Niambie kweli."

"Limepona, Shangazi. Nakwambia mimi."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna simu kutoka kwa Shangazi, maana yake limepona. Mimi ni fundi.

Jumapili, 9 Machi

Kaja kijana na pikipiki iliyopita kwenye mtaro. Kwenye mnyororo kulikuwa na kitu ambacho zamani kilikuwa chura. Msumari alikitoa kwa mkono mtupu, akaupangusa mkono kwenye suruali, akaendelea kula. Na huyu ndiye anayemwambia Shangazi kuwa ana ugonjwa wa mguu.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi kapiga simu. Linatetemeka ila halizimi. Nikamwambia plagi zinahitaji kuzoea. Sijui nimelitoa wapi neno hilo. Lilinitoka lenyewe, lilivyo laini.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi kachelewa tena. Mtunza stoo kaandika mbili.

Kaja tena saa tano, mvua inanyesha. Mjomba alikuwepo, kaamka mapema kwa kiwango chake, yaani saa nne. Kwanza walisalimiana kwa adabu ile ya watu wasiopendana.

"Karibu, shemeji. Mikate yasemaje?"

"Mikate iko sawa. Gari nililoliacha kwenu ndilo haliko sawa. Kabla halijaoshwa lilikuwa zito, lakini lilikuwa linasimama. Sasa jepesi, na halisimami. Heri lile zito."

"Shemeji, gari likisafishwa huwa linaonyesha magonjwa yaliyokuwa yamejificha."

Hiyo ni sentensi ya Mjomba. Nimeisikia akiwapa wateja tisa. Leo kwa mara ya kwanza niliisikia kama mteja.

Wakaliwasha. Zuri. Mjomba akafungua mikono kama anayemkabidhi mtu zawadi. Msumari akasema mguu. Mimi nikachomoa ile sensa ya kupimia hewa, nikaipuliza, nikairudisha. Injini ikabaki vilevile. Shangazi alisimama kwenye mlango wa gereji, maji yanamchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa, akatuangalia wanaume watatu tumeinamia gari zima kama tunatafuta shilingi.

"Mnafungua saa ngapi hapa?" akauliza.

"Saa tatu," kasema Mjomba.

"Nyumbani kwangu mpaka hapa ni mwendo wa nusu saa. Na kabla ya hapo nimeshalizungusha tangu alfajiri. Linafika hapa limechemka. Gari hili linaumwa asubuhi, nyinyi mnalipima mchana. Hivi mgonjwa wenu angekuwa mtoto, mngemrudisha nyumbani kwa kuwa homa imeshuka njiani?"

Msumari alitema mate, akakosa mahali, yakamwangukia mwenyewe.

"Wewe," Shangazi akaniambia, "Ijumaa unalala kwangu."

Nilijaribu kumweleza kwamba mimi na alfajiri hatujawahi kutambulishwa. Akasema atatutambulisha.

Jambo moja limenikera mchana kutwa: katika gereji hii hakuna aliyewahi kusikia injini ya mteja ikiwa baridi. Hata mara moja. Magari yote yanakuja kwa miguu yao, yamepasha mwili. Miaka yote hii tunatibu watu waliokwisha kupona njiani, kisha tunajisifu.

Ijumaa, 14 Machi

Nipo kwa Shangazi. Amenitandikia kwenye kochi. Nyumba nzima inanukia hamira, mashuka ni meupe mpaka naona haya kuweka miguu. Nimenawa mikono mara tatu na maji bado yanatoka kijivu. Kanitazama nikinawa, akaniletea kipande cha limau. Kisha akatazama viatu vyangu pale mlangoni, vile vya kazi alivyoninunulia Januari nilipoanza gereji. "Vinakutosha?" Nikasema vinanitosha.

Nalala. Saa mbili. Aibu gani hii.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya nikiwa chumbani kwangu, mlango nimeufunga.

Kaniamsha saa kumi na moja kasoro. Yeye alikuwa macho tangu saa nane, trei za kwanza zimeshatoka. Anaoka peke yake, anapanga peke yake, kisha anaendesha peke yake. Hakuna mtu wa kulipasha gari joto wakati yeye yuko kwenye oveni. Nje kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio na mvua nyembamba.

Nikafungua boneti, nikawasha.

Sijawahi kusikia kitu cha namna ile. Liliwaka, likapanda, likaporomoka, likatetemeka mpaka boneti ikagonga fimbo yake. Sailensa, yaani ule mngurumo wa gari likiwa limesimama bila kukanyagwa, haikushika kabisa. Likakohoa, likazima. Nikawasha, likazima. Na katikati ya kukohoa nikasikia filimbi nyembamba, kama mtu anayevuta mate kwenye meno. Hewa. Hewa ilikuwa inaingia mahali isipopaswa kuingia.

Nikamwita. "Shangazi, njoo unikanyagie mafuta kidogo lisizime. Na nipe ile brashi yako."

"Ya maziwa? Ya kupakia mikate?"

"Hiyo. Na maji kwenye kikombe."

"Utaichafua."

"Nitakununulia nyingine."

"Hayo nimeyasikia sana," akasema, lakini akaileta.

Ujanja huu hakunifundisha Mjomba wala Msumari, ni wangu, na siku nyingine ningejisifu kurasa tatu. Nikachovya brashi, nikaanza kupaka maji kila panapoungana kitu na kitu. Mahali panapovuta hewa, patavuta maji. Injini itabadilika sauti. Mpira wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Chini ya bomba, kimya. Nikapitisha brashi kwenye ungio la throto, upande wa chini.

Injini ikameza. Ikatulia, kama mtoto aliyepewa titi. Sekunde tatu. Maji yakaisha, ikaanza tena kutetemeka. Nikapaka tena, ikatulia tena.

Nikamulika tochi. Kwenye ungio lile, ukingo wa gasketi ulikuwa umejikunja, na kwenye ule ukingo kulikuwa na rangi nyekundu, na kwenye rangi nyekundu kulikuwa na nusu ya herufi. Mfuniko wa boksi la viatu. Ulikuwa umelowa oili na unyevu, umenyauka, umeacha upenyo. Injini ikichemka chuma kinatanuka, kinaubana, panaziba. Ikipoa, panafunguka. Asubuhi tu.

Si panya, si plagi, si mguu. Mimi.

"Umeona nini?" Shangazi akaita kutoka kwenye usukani.

Hapa ndipo daftari linanishinda. Nataka kuandika kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe, kama siku ile ya plagi kuzoea.

"Kuna mpira umechoka kidogo. Ni uzee tu wa gari. Nimeshaujua."

Nikachukua grisi, nikaibandika kidole kizima kuzunguka ungio. Likatulia. Tukapakia trei, nikapanda naye, tukafika shuleni saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Mtunza stoo, bwana mmoja mwembamba mwenye sweta, alitazama saa ya mkononi, akatazama ya ukutani, akasikitika kwamba zote mbili zinasema kweli.

Njiani kurudi Shangazi alikuwa anaimba. Akanipa skonzi ya moto. Akauliza, "Basi nimwambie jirani pikapu yake sihitaji? Alikuwa anaitaka kuipeleka safari wiki ijayo, kaizuia kwa ajili yangu."

Grisi inakaa siku ngapi? Sijui. Hakuna anayejua. Si gasketi ile, ni grisi.

"Mwambie aende," nikasema.

Skonzi ilikuwa nzuri. Niliitapika nyuma ya gereji.

Jumapili, 16 Machi

Muuza vipuri hana gasketi ya throto lile. Ataipata Alhamisi. Nimemwambia asimwambie Mjomba. Kasema, "Ni gasketi, kijana, si bangi."

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza nikiwa chini ya lori, oili inanidondokea sikioni. Kwa sababu ni gari langu la kwanza. Kwa sababu Msumari angecheka mpaka mwakani. Kwa sababu nitaibadilisha Alhamisi kimyakimya na hakuna atakayejua, na kitu kisichojulikana si kama hakikutokea? Hivyo ndivyo beseni linavyofanya kazi. Ongeza petroli juu, usitazame chini.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimpigia Shangazi. Kafika kwa wakati. Limetetemeka kidogo. Nikamwambia atie grisi mwenyewe palepale nilipotia. "Pale chini kwenye lile dude?" Nikasema eeh, kwenye lile dude.

Nimefungua ukurasa wa tarehe tatu nikataka kuuchana. Umeshonwa pamoja na wa tarehe kumi na mbili, ukichana mmoja unatoka na mwingine. Hata daftari la bei rahisi lina akili.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya usiku kucha. Niliisikia nikajifunika shuka.

Saa nne na nusu mlango wa gereji ukafunguka. Alikuwa Shangazi, kwa miguu. Nguo zimemgandama, viatu kavishika mkononi, tope mpaka magotini. Mjomba aliinuka kwenye kiti, na Mjomba hainukii mtu.

Gari lilizima njia panda, chini ya mlima. Akaliwasha mpaka betri ikalia ti, ti, ti, ikanyamaza. Hakukuwa na gari la kumsukuma. Jirani muuza mbao kasafiri na pikapu yake tangu jana. Basi akachukua trei mbili, akazifunika kwa nailoni, akapanda mlima nazo kichwani. Akarudi kuchukua nyingine mbili. Mara sita. Upepo ulifunua nailoni. Trei ya kwanza ilifika saa moja kasorobo, wanafunzi wamekwisha kunywa chai tupu na kwenda darasani.

"Mtunza stoo hakunigombeza," akasema. "Hata alinipa kiti. Akaandika tatu, akaifunga ile kalamu yake. Akasema, mama, mikate yako ilikuwa mizuri. Ilikuwa."

Akatoa kitu kwenye mfuko akakiweka kwenye meza ya vyuma, kati ya spana. Mkate. Ulikuwa umelowa, umefura, umekuwa kijivu kama sifongo ya kuoshea vyungu. Ulitoa maji pembeni, yakachanganyika na oili ya mezani.

Mjomba akakohoa. "Pole sana, shemeji. Pole kweli. Lakini nikuambie kitu kimoja, kijana wangu hana kosa. Ana daftari. Kila boliti kaandika. Katika gereji zote za mji huu hutamkuta fundi mwingine anayeandika. Hili ni gari lenyewe, limechoka."

"Na mguu," kasema Msumari, taratibu.

Mjomba hajawahi kunisifu. Hata siku moja. Miezi miwili nimeisubiri sifa hiyo, na ilipokuja ilinuka kuliko beseni, kuliko chura wa kwenye mnyororo, kuliko kila kitu nilichowahi kukiandika humu kwa kujifanya mimi ndiye msafi. Nilimega ule mkate nikautia mdomoni. Sijui kwa nini. Ulikuwa baridi, unateleza, una ladha ya mvua na oili. Niliumeza. Shangazi alinitazama nikimeza na nadhani hapo ndipo alipojua kuna jambo, ila hakuniuliza. Kamwambia Mjomba ahsante. Kaondoka.

Jumatano, 19 Machi

Sina la kuandika. Nimelimwaga beseni. Nimelisugua mpaka chini, chini kabisa kulikuwa na pete ya ndoa ya mtu. Mjomba kasema nimerukwa na akili, hiyo ilikuwa petroli bado nzuri. Msumari kachukua pete akaijaribu.

Alhamisi, 20 Machi

Gasketi imefika. Ndogo, nyeusi, ina harufu ya duka. Imetoshea kiganjani. Nimekitazama kitu hicho kwa muda mrefu.

Nilikwenda kwa Shangazi kabla ya gereji kufunguliwa. Gari lilikuwa uani, limevutwa na kamba. Oveni ilikuwa baridi. Kwa mara ya kwanza maishani niliingia nyumba ile isiyonukia kitu. Amekaa jikoni, mikono mezani, kama mtu aliyefika mapema kwenye kikao.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeamka mapema. Umefukuzwa?"

"Hapana. Bado."

Nikaweka daftari mbele yake, nimelifungua tarehe tatu. Akavaa miwani. Anasoma polepole, anafuata kwa kidole. Nilisimama nikamsikia anafika kwenye kohozi, anafika kwenye mavi ya panya, hapo akaguna. Akafika kwenye gasketi. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasoma tena. Akafunua mbele, siku hadi siku, mpaka Jumamosi. "Mwambie aende," akasoma kwa sauti.

Akaniinulia macho juu ya miwani.

"Jumamosi ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimejua."

"Ungeniambia boksi, ningecheka. Wallahi ningecheka. Ningechukua pikapu mpaka leo, na leo ungefunga hicho kidude, na mikate ingekuwa bado yangu."

"Najua, Shangazi."

"Siyo boksi lililonikosesha shule."

Nikasema najua.

Akavua miwani, akaifuta kwa aproni. "Boksi lilikuwa la viatu vipi?"

Nilikuwa nimeliogopa swali lile kuliko yote.

"Vile ulivyoninunulia."

Nikaona mdomo wake unafanya kitu, sijui kulia, sijui kucheka. Kwa Shangazi vinaanzia mahali pamoja. "Nilikwenda maduka manne," akasema, "nikitafuta vyenye ngozi isiyopitisha maji. Viko wapi?"

"Miguuni."

Akainama chini ya meza, akavitazama. Vimejaa tope, lakini vizima.

"Kafunge hicho kidude. Kisha umwambie mjomba wako gari lilikuwa na nini, na yule mwenzako wa mguu awepo. Ulisome mwenyewe, kwa sauti. Mikate nitaipeleka kituo cha mabasi na hospitali, wananunua mmoja mmoja, inabidi kuanza mapema zaidi na kubeba. Kwa hiyo viatu hivyo, kesho saa kumi alfajiri, nataka nivikute mlangoni kwangu. Na wewe uwe ndani yake."

Nimesoma mbele ya wote. Msumari hakucheka nilipofika kwenye boksi. Alicheka kwenye mswaki, kisha akaacha kucheka. Mjomba alichukua daftari, akalipima mkononi kama anataka kulirusha. Akanirudishia. "Endelea kuandika," kasema. Hakunisifu, nikashukuru.

Ijumaa, 21 Machi

Saa kumi. Giza, mvua, baridi. Naichukia alfajiri, na sasa tumetambulishwa naichukia kwa jina. Nimewasha gari likiwa baridi kama jiwe, Shangazi kasimama na trei mlangoni anasikiliza.

Limeshika sailensa. Glasi ya maji juu ya injini, haikutikisika.

"Zima," akasema. "Washa tena."

Nikazima, nikawasha. Likashika.

"Tena."

Kaniwashisha mara saba, mvua inanidondokea shingoni, kabla ya kuniruhusu kubeba trei ya kwanza.